Maikrofoni Mbili na Blanketi za Wagonjwa

Nilikuwa na sauti nzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana sauti hiyo ndiyo iliyoniponza, na hata leo nikikumbuka jinsi ilivyotumika, mate hunijaa mdomoni kama mtu aliyekula kitu kilichooza.

Nilizaliwa upande wa ziwa, nikasoma shule ya misheni, na kwa sababu nilisoma Maandiko kanisani watu wakasikia mpaka wa nyuma kabisa, mchungaji aliniandikia barua nikapata kazi ya ukarani katika shamba moja la chai huku Kericho. Ilikuwa miaka ya thelathini. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, nilisimama mbele ya ofisi nikaita majina ya wachumaji mmoja mmoja. Bwana meneja alikuwa akinisikia kutoka barazani kwake akinywa chai. Siku moja aliniita.

"Karani," alisema, "wewe iko na sauti ya padre. Nataka hiyo sauti."

Shamba lilikuwa limepanuliwa mpaka ng'ambo ya mto, na watu wa kuchuma hawakutosha. Huko kwetu ziwani vijana walikuwa wameanza kukataa kuja. Waliokuwa wamerudi walisimulia habari za baridi, za nyumba zinazovuja, za kuhara. Bwana alikuwa amewaza jambo ambalo yeye aliliona la akili sana: anase sauti ya mtu wao, akizungumza lugha yao, kisha gari lipite masokoni na gramafoni, watu wasikie sifa za shamba kutoka kwa mwenzao. Maneno alikuwa ameyaandika tayari. Kazi yangu ilikuwa kuyatia katika lugha ya nyumbani na kuyasema.

Nilifurahi. Lazima niseme hilo pia.

Fundi wa sauti alikuja kutoka Nairobi kwa lori, Mzungu mwembamba mwenye vidole vya manjano kwa sigara. Alishusha masanduku mengi, mabetri, mashine ya kuzungusha sahani za santuri, na visanduku viwili vilivyofungwa kwa flaneli. Ndani ya hivyo mlikuwa na maikrofoni mbili, na alituambia kwamba itatubidi kuchagua moja. Ya kwanza ilikuwa bapa na nyepesi, ndani yake mna punje za makaa. Hiyo, alisema, unaweza kuiangusha ukaiokota ukaendelea na kazi. Ya pili iliitwa kondensa. Ilikuwa nzito kama kichwa cha mbuzi, na mbele yake palikuwa na utando wa madini mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.

"Hii nasikia kila kitu," alisema akiipapasa. "Lakini naogopa maji. Hewa ikiwa na maji, inalia kama mafuta kwa moto."

Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba tutafanya kazi asubuhi tu, na kondensa italala ndani ya debe kavu jikoni kwa Bwana, karibu na jiko, mpishi akiangalia moto usizimike.

Chumba tulichopewa kilikuwa ghala la magunia, kikipakana na chumba cha wagonjwa. Fundi aliingia, akapiga makofi mara mbili, akasikiliza jinsi mlio ulivyorudi kutoka kwenye mabati. Akatikisa kichwa.

"Sauti naruka ruka. Nataka blanketi. Mingi sana. Kila ukuta."

Bwana meneja hakufikiri hata kidogo. Alikuwa akisafisha kiko chake kwa kijiti. "Chukua kwa wagonjwa," alisema.

Nyapara wetu, Mkipsigis mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinitazama. Mimi nilitazama chini. Kisha tukaenda.

Chumba kile nilikuwa nikikipita kila siku bila kuingia. Walikuwa wamelala watu tisa juu ya mbao, wengine wakitetemeka, na harufu iliyotoka humo ilinifanya nizibe pua kwa mkono wa shati. Nyapara alianza upande wa kulia, nami wa kushoto. Wengi waliachilia tu. Mwanamke mmoja, mchumaji wa Kikipsigis niliyekuwa nikiliita jina lake kila asubuhi, alishika pembe ya blanketi yake kwa mikono miwili. Hakuwa na nguvu ya kuvuta, alishika tu.

"Achilia, mama," nilimwambia. "Nitarudisha jioni."

"Kwa nini unachukua?"

Ningemwambiaje mtu mwenye homa kwamba blanketi yake inatakiwa na ukuta? Nilivuta. Ilitoka ikiwa na joto lake bado.

Tulizitundika kwa misumari. Zilikuwa na jasho, usaha uliokauka, na madoa ambayo sikutaka kujua ni ya nini. Fundi alipiga makofi tena, akatabasamu. Sasa mlio haukurudi. Ilipofika jioni nilimwomba nizirudishe, akaniambia haiwezekani. Zikitolewa na kutundikwa upya sauti ya chumba itabadilika, na majaribio yote yataharibika. Nilikwenda nyumbani. Zilikaa ukutani usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kondensa ililala jikoni penye joto.

Asubuhi ya kwanza ya majaribio nilisoma maneno yale yale mara mbili, mara moja kwa kila maikrofoni. Sahani zilikuwa nyeusi, zimepakwa kitu kama vanishi, na sindano ya mashine ilipozichimba kunasa sauti ilitoa uzi mwembamba mweusi ulionuka dawa kali. Fundi aliupangusa kwa brashi. Harufu ya uzi ule na harufu ya blanketi zilichanganyika, na mimi nikisoma: nyumba ni kavu, chakula ni kingi, daktari yuko karibu, na kila mgonjwa hupewa blanketi yake.

Ndiyo, maneno hayo yalikuwamo. Nilipofika hapo macho yangu yaliangukia doa la damu lililokuwa mkabala na pua yangu, nikasita kidogo, nikaendelea.

Kisha tukasikiliza. Ya makaa ilitoa mtu aliye ndani ya pipa, na nyuma yake kitu kikichemka kama sufuria ya maji. Maneno yalisikika, lakini angeweza kuwa mtu yeyote. Ikaja zamu ya kondensa. Sijawahi kushtuka vile. Nilisikia ulimi wangu ukibanduka kwenye kaakaa. Nilisikia nikimeza mate. Pale kwenye neno la blanketi nilisikia kule kusita kwangu, kufupi, wazi kabisa, na ndani yake, kutoka ng'ambo ya ukuta, mtu akikohoa.

Fundi alizima mashine. Alikuwa mtu wa kazi yake na sidhani alikuwa mbaya. Alimwambia Bwana kwa Kiingereza, nami nikaelewa, kwamba kwa kazi ya namna hii yeye angeshauri ile ya makaa. Ni rahisi, haiogopi mvua, na inaficha mengi.

Bwana alivuta kiko. Alinigeukia. "Karani, hawa ni watu yako. Iko gani watapenda?"

Hapo ndipo palipo na uchafu wangu mwenyewe, ambao sikubandikwa na mtu. Ningeweza kusema ya makaa. Watu wangesikia pipa likiropoka, wangecheka, wangerudi kwenye samaki wao. Lakini nilikuwa nimejisikia. Ile sauti ya kondensa ilikuwa yangu hasa, nzito, tamu, na nilitaka isikike mpaka kijijini kwetu, wale waliosoma nami wajue nimefika wapi.

"Hii ya pili, Bwana," nilisema. "Wakisikia hii watafikiri mtu amesimama mbele yao. Wataamini."

"Lakini wewe nasita," fundi akasema.

"Nitajifunza."

Na nilijifunza. Alinionyesha kusimama mkono mmoja kutoka kwenye maikrofoni, kugeuza mdomo kando kidogo ili pumzi isiipige, kutokunywa maziwa asubuhi kwa sababu huacha ute kooni. Akanifundisha kutabasamu nikisema. Sikujua kwamba tabasamu linasikika, lakini linasikika. Nilirudia lile neno la blanketi asubuhi mbili nzima, nikitabasamu ukutani, mpaka likatoka laini kama siagi. Kuhusu kikohozi, nyapara alitumwa akawaambie wagonjwa wajizuie sindano ya mashine ikiwa juu ya sahani. Alirudi akasimama mlangoni.

"Wamesema watajaribu," alisema. Kisha akatema mate nje, karibu na viatu vyangu, akaondoka.

Siku ya tatu sahani ilipatikana. Bwana alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilizitungua zile blanketi nikazirudisha mwenyewe. Kila mmoja alipokea yake. Mbao za yule mwanamke zilikuwa tupu. Nilimuuliza nyapara.

"Ndugu zake walikuja jana," alisema. "Wamembeba kwenda kwao Sigor."

Sikuuliza kama alikuwa hai walipombeba. Nilikunja blanketi yake nikaiweka juu ya mbao, nikaenda ofisini kuandika barua za shamba.

Bwana alinipa nakala moja nikawasikilizishe watu wa nyumbani, na Jumapili nilibeba gramafoni ya ofisi mpaka kwangu. Mke wangu alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imetulia juu ya ungo.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona hunisemeshi mimi hivyo?"

Nilidhani ananitania. Nilipomwangalia, machozi yalikuwa yamemlengalenga. Alikuwa akilala chini ya bati linalovuja kama kila mtu wa pale. Alisimama, akachukua ungo wake, akaenda kumalizia kazi nje. Nilitoa ile sahani nikajiona nimeshika kitu chenye utelezi.

Gari lilizunguka masokoni ziwani, na watu wakaja. Walikuja wengi kuliko Bwana alivyotarajia. Asubuhi moja nilikuwa nikiita majina ya wageni, na nilipoita la mzee mmoja mwenye mvi, yeye badala ya kuitikia alitoka kwenye mstari akanijia mbio, uso wote ukicheka.

"Ni wewe!" alisema kwa lugha ya kwetu, akinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, ni wewe wa kwenye sahani! Tulikusikia sokoni. Wengine walisema ni ujanja wa Wazungu, mimi nikawaambia hapana, huyu tumesikia mpaka pumzi yake. Mtu hawezi kudanganya mpaka pumzi."

Watu walinitazama. Ningetamani anipige kofi.

"Karibu, baba," nilisema.

"Nimekuja na mama yenu. Ana kifua. Nilisikia daktari yuko karibu, nikasema hapa ndipo atakapopona. Daktari yuko wapi?"

Daktari hakuwapo. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kupaka dawa, vilima viwili mbele, aliyekuwa na chupa moja ya dawa ya kikohozi na nyingine ya vidonda, na aliyekuwa akija alipojisikia. Nilimwambia mzee ukweli huo pale pale, mbele ya mstari mzima. Nilimwambia na habari ya nyumba. Sauti yangu ilikuwa ikitetemeka, haikuwa nzuri hata kidogo, na jambo lililonichukiza kuliko yote ni kwamba hakuniamini. Alicheka, akanipiga begani.

"Unanijaribu," alisema.

Mke wake alikaa kwetu wiki mbili, karibu na moto, mke wangu akimkanda kifua. Mzee alipokwisha kuona mambo kwa macho yake aliacha kunicheka, na akaacha pia kunisemesha. Asubuhi walipoondoka niliomba ruhusa, nikambeba yule mama mgongoni mpaka karibu na Sigowet, ambako walikuwa na ndugu. Alikuwa mwepesi kama kapu. Njia nzima mzee alitembea mbele, na tulipofika alimpokea mkewe, akampangusa miguu pale nilipokuwa nimemshika. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Bwana. Nilimwambia ile sahani isipigwe tena, maana ina uongo.

Hakukasirika. Aliniuliza kama nimechoka. Akasema sahani imeshafanya kazi yake, na fundi atarudi mwezi ujao kwa sahani ya pili, ya Kikipsigis, kwa ajili ya watu wa Ndanai na Sigor. Karani mpya wa kiwandani ameshakubali. Mimi nitamwonyesha tu mahali pa kusimama.

"Sitamwonyesha, Bwana."

"Basi fundi ataonyesha," alisema, akarudia chai yake.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi. Tulihamia Sotik, nikakodi kibanda cha kuuzia chumvi na sabuni, mke wangu akalima. Watu walipojua nimesoma waliniletea barua zao niwasomee, nami niliwasomea taratibu, kwa sauti ya chini, bila kupamba neno. Wengine walilalamika kwamba nasoma kama mtu aliyechukizwa. Niliwaambia wavumilie tu.