Sufi Aliyeoshwa Kabla ya Kuchanwa

Binti yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo nikiwa jikoni nasikia kila kicheko na kila "aii, polepole dada!" Ana mkono mwepesi, watoto husinzia akiwasuka. Lakini akikosea jambo hulilia moyoni, na chakula hakipiti. Ndiyo maana namchunga mpaka leo, ingawa ameshaota mvi anazodhani sizioni.

Bibi Miwani, mteja wake wa siku nyingi, alipokwenda kupasuliwa macho alimwachia paka wake, Sufi. Manyoya marefu kama mto wa kulalia uliopasuka, uso bapa, pua imebonyea kama aliyejigonga mlangoni. Kwa ufupi wa pua hiyo, machozi humtoka bila msiba.

"Huyo ndiye wa kunipokea nikirudi," Bibi alisema. "Mwingine sina."

Siku ya kurudi ilipokaribia, binti yangu alitaka Sufi ang'ae. Akafanya kama afanyavyo kwa wateja: kwanza shampuu, kisha kitana.

"Mwanangu, hicho si kichwa cha mtu."

"Mama, nywele ni nywele."

Mafundo ya manyoya ya kwapani na tumboni yalipolowa yakajikaza, yakawa kama zulia, yakavuta ngozi. Sufi akajificha chini ya kiti cha wateja, akakataa kula. Binti akachukua mkasi. Nikamdaka mkono. Nani alijua manyoya yanaishia wapi na ngozi inaanzia wapi?

Daktari wa mifugo hakutugombeza. "Hawa inasemekana asili yao ni Uajemi," alisema. "Watu wamewachagulia nywele ndefu na uso mfupi, kizazi baada ya kizazi. Chini ya manyoya marefu kuna mengine laini kama pamba, na hayo ndiyo hufungamana. Wako wenzao wa misitu ya baridi, maji huwateleza. Huyu ni wa sebuleni. Mchane kila siku, na kila mara kabla ya maji."

Akawasha mashine ya kunyolea. Sufi akatoka pale na kichwa cha simba juu ya kiwiliwili cha panya.

"Bibi atamtambuaje?" binti aliniuliza njiani. "Macho yenyewe ndiyo hayo. Amezoea kumjua kwa mkono."

Siku hiyo binti yangu hakula. Wala kesho yake.

Bibi alikuja jicho moja limefungwa, la pili likiona ukungu. Binti akamwekea Sufi mapajani. Mkono wa Bibi ukapita mgongoni, ukasita.

"Nani huyu?"

"Nimeharibu, Bibi. Nilimwosha kabla ya kumchana."

Mkono ukapanda polepole. Ukaikuta pua iliyobonyea, ukaukuta unyevu chini ya jicho. Sufi akaanza kunguruma kama cherehani.

"Kumbe u mwembamba hivi!" Bibi akaangua kicheko. "Miaka yote nakupunjia chakula nikidhani umenenepa!"

Akatoa leso, akamfuta Sufi machozi kwa kupapasa. Kisha akainyoosha leso kule alikosikia binti yangu akivuta kamasi.

"Na wewe njoo. Mwenzako pua hana, wewe unayo. Unalilia nini?"

Jioni ile binti yangu alimaliza sahani, akainuka mwenyewe kuongeza.