Walivyomwondoa Milembe Kutoka Nkoma

Enzi zetu kule Nkoma, mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa na mikono ya kuchumia pamba, miguu ya kwenda kisimani na mgongo wa kubebea wadogo zake. Moyo hakuwa nao, au ndivyo wakubwa wetu walivyoamini. Ukinuna, una njaa. Ukilia, unadeka. Ukikaa kimya sana, baba anakuuliza, "Una mawazo ya nini wewe, una mji wa kulisha?" Watu wa rika langu wakikumbuka hayo hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nami hucheka nao kidogo, halafu hasira inanipanda.

Sisemi hatukuwa na raha. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao, kila mmoja na mzani wake, na mitumba ikawa inamwagwa chini siku ya gulio. Sisi wasichana wa darasa la saba tulivaa makoti mazito ya baridi kwenye jua la Simiyu, jasho linatutiririka, tukajiona tumefika. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikichemshwa na kuliwa kwa maziwa ya mgando. Watoto wa leo, wanaokula chipsi huku wameinamia simu, hawataijua ladha ile. Jioni tulicheza rede, na hapo ndipo rafiki yangu Milembe alipokuwa mwizi wa waziwazi. Mpira ukimpiga mgongoni anasema umegusa gauni tu.

Milembe aliishi na bibi yake, Bibi Ngolo, ng'ambo ya shamba letu la mtama. Ukiacha kelele za kwenye rede, hakuwa msemaji. Lakini alikuwa na tabia ya kukuangalia unapoongea, akangoja mpaka umalize. Kwetu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akinifanyia hivyo.

Msimu mmoja wa kuchuma pamba, mdogo wangu Sita, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali. Mama alikuwa ametoka kujifungua, bado hawezi kusimama vizuri. Baba alikuwa ameenda Bariadi. Nikamfunga Sita mgongoni, nikaanza safari ya zahanati peke yangu. Bibi Ngolo aliniona nikipita, akaacha jembe lake, akalowesha khanga yake maji na kumfunika mtoto, tukaenda wote. Zahanati ilikuwa wazi, ila haikuwa na dawa. "Siku hizi dawa ziko madukani mjini," mganga alituambia. Kabla hatujajua la kufanya, Sita akapata degedege pale pale barazani. Alifia mikononi mwangu, Bibi Ngolo akiwa amemshika miguu.

Msibani shangazi yangu, dada yake baba, alinivuta pembeni. "Wewe ndiye mkubwa. Ukilia, mama yako atafanyaje?" Basi nikasonga ugali wa waombolezaji, macho makavu. Niliporudi shule, mwalimu aliniona nimeduwaa, akagonga dawati langu kwa fimbo. "Ukishazika, umezika. Fungua kitabu." Darasa zima likacheka.

Siku hiyo, jioni, Milembe alinikuta kisimani. Aliweka ndoo yake chini, akaniangalia kama kawaida yake.

"Sita alikuwa anakuitaje?" aliniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho. "Imi," nikamjibu. "Alikuwa hawezi kusema Limi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mpaka kifua kikauma. Milembe hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia ni kazi ya Mungu. Alisimama mbele yangu, akaitandaza khanga yake, ili wanawake waliokuwa wanakuja kuchota maji wasinione.

Haikupita hata wiki, shangazi akarudi kutoka kwa mganga wa kienyeji. Eti Sita hakufa kwa homa. Eti ameuawa na jirani mwenye macho mekundu. Nani asiyejua ni nani aliyekuwa anasemwa? Bibi Ngolo alikuwa na macho mekundu, ndiyo. Alipika maisha yake yote kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, katika nyumba isiyo na dirisha. Hata mama yake shangazi alikuwa na macho hayo hayo!

Wanaume wa ukoo walikutana nyumbani kwetu Jumapili mchana, wengine wametoka kanisani moja kwa moja, na mashati yao meupe. Sote tulijua vikao vya namna ile viliishia wapi. Vizee walikuwa wanakatwa mapanga, na asubuhi hakuna aliyeona wala kusikia. Nilikuwa nawanawisha mikono. Baba mdogo Maduhu alipotamka jina la Bibi Ngolo, nililiweka beseni chini.

"Mimi ndiye niliyembeba Sita," nikasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo. Bibi Ngolo alikuwepo. Alimfunika kwa khanga yake. Mbona hamniulizi mimi?"

"Mtoto gani huyu anaingilia kikao?" Baba mdogo aliinuka, akanizaba kofi. "Una akili gani wewe?"

Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia chini.

Nilimchukia usiku kucha. Alfajiri nikasikia minyororo ya mkokoteni. Baba alikuwa anafunga ng'ombe. Bibi Ngolo alikuwa tayari ameketi juu, amejifunika gubigubi, na Milembe pembeni yake amekumbatia sufuria. Walikuwa wanapelekwa Mkula, kwa mjomba wake Milembe. Nilikimbia nikamshika Milembe mkono. Baba alirudi kesho yake, vumbi tupu, akanikuta nafagia uwanja. Akasema neno moja tu, "Nilikusikia," akaingia ndani.

Namshukuru mpaka leo, maana aliokoa roho ya mtu. Lakini kwa nini aondoke Bibi Ngolo, na shangazi abaki akila ugali wetu? Kwa nini Milembe aliacha shule miezi michache kabla ya mtihani, na baba mdogo Maduhu akaendelea kusoma somo kanisani? Nilikuja kuonana na Milembe mjini Lamadi, sote tukiwa watu wazima, yeye na duka lake la nguo. Aliniambia bibi yake alifariki kitandani, kwa uzee. Tuliongea mpaka akasahau kufunga duka.

Vijana wa sasa wana mambo. Binti yangu akiishiwa bando anasema amevunjika moyo, na ana marafiki mia nane ambao hajawahi kula nao. Shuleni kwao kuna mwalimu wa ushauri, na nasikia anasikiliza kweli. Ndugu zangu wanabeza, wanasema sisi tulikua vizuri bila hayo. Nani alikua vizuri? Kijana akiniambia hana anayemwelewa, mimi simcheki. Nilikuwa na mmoja tu, nikamwona akiondoka juu ya mkokoteni kwa kosa la watu wazima, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kuniomba radhi.