Kusubiri Mlio wa Kamera

Wiki ile kamera mbili zililala kitandani na mdogo wangu akalala kwenye mkeka. Aliziogopa. Hazikuwa zake, na moja ilikuwa lazima irudi.

Studio yake iko Same mjini, nyuma kidogo ya stendi ya mabasi. Ni chumba kimoja chenye pazia la bluu, stuli, na kioo cha kuchania nywele kilichopasuka kona. Siku za kazi wanaingia watu wa picha za pasipoti: vijana wanaoomba ajira, akina mama wenye shughuli zao halmashauri, wafugaji waliotoka tambarare na vumbi kwenye kope, ambao hukaa mbele ya pazia wima na wazito kama wanaapa. Mwisho wa wiki anapiga harusi. Kamera yake ya zamani ilikufa mikononi mwake katikati ya wimbo wa kwaya, na fundi mwenzake wa Moshi, aliyekuwa anauza vifaa vyake, akampa mbili azijaribu, achague moja.

Ya kwanza ilikuwa ya kazi mbili. Ndogo, nyepesi, inapiga picha na kurekodi video, unabadilisha kwa kidole tu. Ubaya wake, ukirekodi nayo muda mrefu kwenye jua la Same inapata joto na kujizima kama mtu aliyesusa. Ya pili ilikuwa ya sinema. Nzito kama tofali la kuchoma. Ndani ina feni ya kuipooza na vioo vya kupunguza mwanga, ubavuni matundu ya kuchomeka maikrofoni za maana. Video yake ilitoka imefifia kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba, kisha mdogo wangu akakaa kwenye kompyuta akaitia rangi, na Milima ya Upare ikainuka kwenye kioo, ya kijani na ya zambarau, mpaka nikasahau kwamba nimeiona kila siku ya maisha yangu. Lakini haipigi picha. Ni video tu.

"Dada, wewe mwandishi," aliniambia, ameipakata kama mtoto wa jirani. "Ukiambiwa uchague, uandike riwaya au uwaandikie watu barua za kuombea kazi, utachagua nini?"

"Kodi ya chumba analipa nani?"

"Umeanza kuongea kama baba."

Nilimwelewa kupita kiasi. Mimi mwenyewe naandika riwaya kwenye meza ya kulia chakula, nikisogeza bakuli la makande ili nipate pa kuweka kiwiko.

Bibi ndiye aliyetupandisha mlimani. Alipiga simu kutoka Suji akasema kesho kutwa ni msaragambo wa kusafisha ndiva, tuje wote. "Na huyo wa picha aje na kamera," akaongeza, halafu akakata simu kabla hajaulizwa.

Ndiva ni bwawa letu la maji. Maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka kwenye mifereji hadi mashambani, kila familia kwa zamu yake. Tope likizidi, mbiu inapigwa na watu wanatoka kulizoa. Huo ndio msaragambo, na hauna wa kukosa. Unaweza usiende harusini ukasingizia mafua. Msaragambo usipokwenda unatozwa faini, na mfereji wako utasemwa hadi kwenye misiba.

Bibi alilijua hilo kuliko sisi. Wanawe wawili, baba yangu na baba mdogo, walikuwa hawasemezani tangu msimu wa maharage wa mwaka juzi. Shamba la baba mdogo liko juu, la baba liko chini, kwenye mfereji uleule. Siku moja baba alikwenda kwenye zamu yake akakuta mfereji mkavu, maji yameingia kwa mdogo wake. Baba mdogo alisema zamu zilibadilishwa. Baba alisema hakuna aliyemwambia. Maharage ya baba yalikauka yakiwa na maua. Tangu hapo wakikutana jikoni kwa Bibi wanaongea kupitia kwake. "Mama, mwambie mwanao asogeze kigoda." "Mama, mwulize mwanao kigoda kimemkosea nini." Bibi alikuwa katikati, na moshi wa kuni, na masikio yake mazima kabisa.

Mdogo wangu alichukua kamera ya sinema. Pikipiki ya kutoka Makanya kwenda juu isingebeba mizigo yote miwili na sisi wawili, na alitaka kuupata msaragambo kwa namna alivyouota. Aliupata. Alirekodi majembe yakiingia kwenye tope jeusi, wanawake wakipokezana makarai kwa wimbo wa Kipare, jasho, vicheko, ukungu ukishuka kutoka msituni na kupita kati ya watu kama mgeni asiyejua pa kukaa. Alizunguka miguu peku, tope magotini. Sikuwahi kumwona mzuri vile. Upande mmoja wa ndiva baba alikuwa anachimba. Upande wa pili, baba mdogo. Walikuwa wamepeana migongo kwa uangalifu mkubwa.

Kazi ilipokwisha na watu wanaosha miguu, Bibi akatokea. Alivaa gauni lake la kanisani, lililopigwa pasi, na kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake shangazi alibeba kiti cha sebuleni juu ya kichwa. Bibi akaelekeza kiwekwe kwenye ukingo wa ndiva, akakaa, akaita wanawe kwa majina yao ya utotoni, mbele ya kijiji kizima.

"Njooni hapa. Huyu huku, huyu huku. Nina kalenda ukutani yenye picha ya ng'ombe wa watu. Ya watoto wangu sina."

Wangekataaje? Wakaja na matope yao, wakasimama kulia na kushoto, kila mmoja akitazama mlima wake.

Mdogo wangu akanisogelea, midomo haisogei. "Dada. Hii haipigi picha."

"Tumia simu."

Bibi akasikia. "Simu sitaki! Za simu zilizama na simu kwenye kijito. Nataka ya kamera, inayokaa ukutani."

Niliona kope za mdogo wangu zikicheza. Kwenye miguu mitatu mbele yake kulikuwa na kifaa ghali kuliko vitu vyote alivyowahi kushika, na Bibi alikuwa anaomba kitu ambacho studio yake inakifanya kila siku mbele ya pazia la bluu. Kesho wale wawili wasingesimama tena pamoja. Alijua. Wote tulijua.

"Nitarekodi, halafu nitachomoa picha humo ndani," alininong'oneza. "Ila wasitikisike. Hii jicho lake linafumba taratibu, kinachotikisika kinatoka kama moshi."

Akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

"Mtulie kabisa," akasema. "Msipumue sana."

Wakatulia. Tukatulia. Kila mtu alisubiri mlio, ule mlio unaomwambia mtu sasa unaweza kukunja uso wako. Haukuja.

"Bado?" aliuliza shangazi kutoka pembeni.

"Bado."

"Kamera gani hiyo? Ya mkaa? Muipulizie ishike moto!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka, ila mashavu yake yalipata shida. Mdogo wangu alisogeza lenzi kidogo, akaurudisha mkono. Ukungu ulikuja, ukafunika ndiva, ukaondoka. Bibi alikaa bila kupepesa, mikono juu ya mapaja. Nikaona baba mdogo anatazama shingo ya baba kwa pembe ya jicho. Akatazama tena.

"Kaka," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Kaka, una siafu."

Baba akauliza, bila kugeuka, "Wapi?"

"Kwenye kola. Anaingia."

"Sasa unamwangalia tu?"

"Si tumeambiwa tusitikisike!"

"Mtoe bwana, ananiuma!"

Baba mdogo akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Bibi, akamchomoa yule siafu kwenye kola ya kaka yake, akamtupa. Mkono ukabaki begani kidogo, kama umesahau ulikotoka. Na Bibi, ambaye miaka miwili alikuwa mjumbe wao jikoni, akasema huku meno yameumana, "Mtaniharibia picha, nyie watoto."

Tulipanda pikipiki kushuka, mdogo wangu amekumbatia begi.

Studio, alichomoa vipande kimoja kimoja. Vile vilivyotulia vilikuwa safi kabisa, unaweza kuhesabu nyuzi za kitambaa cha Bibi. Lakini humo wanawe walikuwa watu wa pasipoti, wawili wasiojuana waliokutana kwenye foleni. Kipande cha siafu kilikuwa na kasoro: mkono wa baba mdogo umekuwa moshi, na mdomo wa baba uko wazi. Uso wa Bibi peke yake ndio umetulia, kwa sababu Bibi alitii.

"Hii ingekuwa ya mteja ningeifuta," alisema.

"Na hii ya Bibi?"

Aliikuza, akaipeleka kwa mwenye mashine ya kuchapa, akaitia fremu.

Kisha akairudisha kamera ya sinema Moshi. Nilimsindikiza. Alikuwa ameamua njiani kutoka Suji, akaniambia baadaye: kama Bibi anaomba picha na wewe huna, hiyo kamera ni ya mtu mwingine. Hata hivyo aliipangusa matundu yote kwa brashi, akafunga begi, na mkono wake ulichelewa kuachia mpini. Najua uzito wa kitu unachokipenda ambacho hakikufai bado.

Tulipompelekea Bibi picha, aliishika mbali, halafu karibu.

"Mkono huu wa nani umekuwa moshi?"

"Wa baba mdogo, Bibi."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anamtoa kaka yake siafu."

Bibi akaitazama sana. "Basi kalenda itoke," akasema.

Baba alikuja na nyundo. Baba mdogo alikuja na msumari, maana Bibi alikuwa amemwagiza kila mmoja nusu ya kazi. Wakaanza kubishana mahali pa kupigilia. Baba alitaka juu ya mlango. Baba mdogo alisema juu ya mlango mama ataona nini, atavunjika shingo. Baba akasema wewe siku zote unajua kila kitu. Baba mdogo akasema sikujua kwamba hukuambiwa zamu zimebadilishwa, ndilo hilo umeninunia. Baba akashusha nyundo. "Ungekuja kuniuliza," akasema. "Ungekuja wewe," akajibiwa. Wakaendelea hivyo, kwa sauti, ana kwa ana, bila mama yao katikati, na msumari ukaingia ukutani umepinda kidogo.

"Simameni hapo chini yake," mdogo wangu aliwaambia, akainua kamera yake ndogo, ile ya kazi mbili.

Wakasimama, mabega yanagusana. Wakakaza nyuso, wakashusha pumzi, wakajiandaa kwa ile subira ndefu waliyoizoea.

Kamera ikalia mara moja.

"Tayari," akasema.

"Tayari?" baba aliuliza. Alionekana kama mtu aliyepunjwa.

Wakatazamana, halafu wakaitazama kamera tena. Hakuna aliyeondoka. Mdogo wangu aliwaangalia, na kidole chake kikasogea taratibu upande wa video.