Mkuu uliyeiweka Wichita mkiani, hii ni yako

Wakuu, habari za weekend. Niko Doonside, huku Sydney, nguo ziko kwenye mashine na nina jambo linaniwasha. Nitalisema kama lilivyo, hata pale linaponitia aibu mwenyewe.

Wiki iliyopita mkuu mmoja aliweka uzi humu wa kulinganisha downtown za miji ya kati ya Marekani. Siyo New York wala Chicago. Ile ya saizi ya kati: Louisville, Omaha, Tulsa, Des Moines. Picha kali, kila skyline na maksi zake.

Mwisho kabisa akaiweka Wichita. Maksi tatu kwa kumi. Akaandika "hapa hamna kitu".

Nilikasirika kweli. Nikaanza comment ndefu ya kuitetea, mpaka binti yangu Neema akaisoma nyuma ya bega langu.

"Dad, have you even been there?"

Sijawahi. Marekani sijakanyaga hata airport.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni Mkongo wa Fizi, ila nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa. Tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu mkubwa Amisi, na mimi. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Watanzania msicheke, najua kwenu yaya ni dada wa kulea mtoto.

Nesi mmoja wa kliniki ya kambi alipoondoka alimwachia Mama kalenda ya Marekani. Mwaka wake ulikuwa umeshapita, lakini kila mwezi ulikuwa na mji wake, downtown nzima imepigwa picha kutoka mbali. Mama akazichana kurasa na kuzibandika ukutani kwa uji wa muhogo, kuziba nyufa.

Hapo mimi na Yaya tukapata kazi. Tulihesabu ghorofa kwa njiti ya kiberiti. Mimi nilikuwa Louisville, kwa sababu ya jengo refu lenye kuba juu. Yaya alikuwa Tulsa. Omaha tuliionea huruma, jengo moja refu katikati ya mafupi kama mwalimu kwenye mstari wa darasa la kwanza. Des Moines Yaya aliisoma kwa Kifaransa chake cha shule, "De Mwan", akatuambia maana yake ni mji wa watawa, hakuna kelele kule. Tuliamini miaka yote ile.

Sheria ya mchezo ilikuwa moja. Unachagua mji, jengo, na dirisha. Siku jina lako likiitwa kwenye orodha ya kwenda nje, ndipo utakapoishi.

Mama tukamlazimisha acheze. Akachagua Wichita.

Tulicheka sana. Majengo ya Wichita ni kama yamesimama yanasubiri wenzao wafike. Mama akasema hilo ndilo jina pekee linalosomeka bila kuvunja ulimi. Halafu akaweka kidole kwenye jengo fupi la matofali mekundu kando ya mto, dirisha la ghorofa ya pili.

"Mama, na marefu yote haya?" Yaya akamuuliza.

"Umeme ikikatika, lift inalala. Mimi nitashuka kwa miguu na ndoo yangu."

Hakuwa amewahi kupanda lift. Sijui nani alimpa hiyo habari.

Basi majina yakaitwa. Yaya alikuwa ameshaoa, kesi yake ikaenda peke yake, Marekani, Louisville. Yangu na ya Mama ikaja Australia. Asubuhi Yaya alipoondoka niliona pengo ukutani: ukurasa wa Wichita haupo. Nikadhani watoto wa jirani wamejalidia daftari.

Louisville kuna Wakongo wengi, makanisa, mpaka sombe, kisamvu chetu, inapatikana. Mwaka haujaisha, Yaya akahamia Wichita. Nikamcheka kwenye simu kwamba kaacha mji wenye kuba kwenda kwenye vijumba. Akasema kapata kazi kiwandani. Sikuuliza zaidi.

Mama alifariki hapa Sydney, sasa ni miaka miwili. Visa ya Yaya haikutoka kwa wakati, tukamzika bila yeye.

Nilikuwa na uchungu na nilitaka mtu wa kumtupia. Nikaandika kwenye group la familia, watu wote wanaona: "Ulikimbia ndugu ukaenda kukaa peke yako na vijumba vyako vya Wichita. Baki navyo."

Yaya akatoka kwenye group, na tangu siku hiyo sikusikia sauti yake. Nimefungua namba yake mara nyingi nikaifunga. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikikaa muda mrefu inakuwa vigumu kuanza tena.

Sasa Jumamosi ile, comment iko mkononi, nikajiuliza mbona naitetea Wichita wakati mimi ndiye niliyeitukana kuliko wote. Nikaifuta. Nikamwandikia Yaya sentensi moja tu.

"Yaya, kuna mtu huku anasema Wichita ni ya mwisho."

Tiki zikawa za bluu. Nikaenda mtaa wa Auburn kununua nyama, nikarudi, hamna jibu.

Jumapili asubuhi tunajiandaa kwenda kanisani, picha ikaingia. Downtown ya Wichita kutoka ng'ambo ya mto, pembe ileile ya kalenda. Na mbele ya kamera, mkono wa Yaya umeshika ukurasa wenyewe, kingo zimeliwa, uji wetu umeganda pembeni.

Kwenye ukurasa kuna jengo jekundu. Nyuma ya ukurasa, mahali hapohapo, kuna magari tu yameegeshwa.

Kisha voice note.

"Mwambie uyo muntu akuje, nitamutembeza mimi mwenyewe. Ile nyumba ya Mama, nilihamia huku nipange mule, ili akuje siku moja na visa ya kutembea, afungue ile dirisha. Nikakuta walishabomoa, ni parking. Sikukwambia, ungemwambia Mama. Nikasema nibaki tu. Nikitoka hapa, nani atajua ilikuwa wapi?"

Kisha akaongeza:

"Juzi upepo ilikata umeme mutaa muzima. Lift ikalala. Nikakumbuka Mama na ndoo yake."

Nilikaa kwenye ukingo wa bafu nikalia kama mtoto. Neema akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni baba yako mkubwa. Akasema, "Play it again."

Nikapiga simu. Nilimwambia nisamehe, lile neno nalifuta, na nitalifuta kwenye group, watu wote wakiona. Akasema, "Nilipita De Mwan. Hakuna watawa." Tukacheka mpaka tukashindwa kuongea. Kanisani tulichelewa.

Nilichojifunza, wakuu: nilimhukumu kaka yangu kwa mahali anapoishi bila kumuuliza kwa nini pale. Swali moja lingeniokolea miaka miwili.

Karibuni kwenye comment. Kama kuna mtu wako umemnyamazia, semeni mlianzaje tena, nasoma zote.

Na wewe mkuu wa maksi tatu, sina ugomvi na wewe. Ila rudi kwenye ile picha yako, kushoto, kando ya mto, pale kwenye magari. Pandisha macho mpaka ghorofa ya pili. Hilo dirisha hukulihesabu.