Mbwa wa Bangi Atafutiwa Nyumba

Shemeji yangu, mume wa dada, ni polisi wa mbwa. Mbwa wake tunamwita Afande, na pua yake inajua kitu kimoja tu duniani: bangi.

Sasa wabunge wakaanza kubishana iruhusiwe au isiruhusiwe. Redioni hakukaliki, huyu anasema dawa, yule anasema balaa. Kituoni hawakungoja jibu. Bangi ikiruhusiwa, mbwa wa kuinusa hana kazi, na harufu huwezi kumsahaulisha; kwa hiyo mkubwa wa kituo akaamua: wale mbwa wazee wapate watu wa kuwachukua, la sivyo wadungwe sindano wafe. Aliyasema hayo huku anakunywa chai. Hasira yangu kwake haijaisha.

Shemeji amepanga, na mwenye nyumba wake hataki hata paka. Akabaki mama yetu, mwenye ua mkubwa na moyo mgumu. "Mbwa wa serikali alishwe na serikali," alishatuambia. Hata hivyo Jumapili tulimpelekea mbwa amwone. Shemeji alikuwa amemwogesha Afande mpaka anang'aa, utadhani anakwenda kuposa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Afande akamzunguka, akanusa kanga, kisha akakaa chini wima mbele ya magoti yake na kumkazia macho shemeji. Ndivyo afanyavyo akiipata bangi. Anakaa, anangoja apewe mpira wake. Asipopewa, anaamini amekosea.

Dada akaacha kumenya viazi. Shemeji jasho likamtoka. Sheria ilikuwa haijabadilika, na kitambulisho cha kazi kilikuwa mfukoni.

"Labda amechoka," nikasema. Uongo wa mchana kweupe.

"Hajachoka," mama akasema. "Nailoweka kwenye mafuta, najipaka magotini. Bila hiyo hata chooni sifiki."

"Mama, mbona hukutuambia?" dada akauliza.

"Nimwambie nani? Mkwe wangu polisi." Akamgeukia shemeji. "Haya, baba, utanifunga?"

Mbwa alikuwa bado anamtazama shemeji tu. Nilimwonea huruma kweli. Mwishowe akautoa mpira, akampa Afande.

Mama akamkuna mbwa kichwani.

"Huyu mniachie," akasema. "Nyinyi mnakuja kila Jumapili mnaniambia nimenawiri. Yeye amefika leo tu, akajua naumwa wapi."