Njaa ya Mama Agape

Mtaa mzima wa Mshangano ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua viuno vya wanawake wote, naye ni Fausta Komba, fundi cherehani. Ukimpelekea kitenge alikutazama mara moja kutoka mabegani hadi magotini, akakwambia, "Tangu Krismasi umeongezeka kidogo hapa," na utepe ukija kupima unakuta hajakosea. Watu hawakumnunia. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema mvua inakuja, kisha anacheka kicheko chake kizito, nawe unajikuta unacheka, na wiki ijayo gauni linakukaa kama ulizaliwa nalo.

Mwili wake mwenyewe ndio hakuupima. Miaka minne alivaa madera matupu, maana dera halimwulizi mtu maswali.

Yalianza mama yake alipofariki. Fausta alimuuguza mwaka na nusu, akimgeuza kitandani, akimnywesha uji kwa kijiko, akishona huku sikio liko chumbani. Matanga yalipokwisha ndugu walirudi kwao, majamvi yakarudishwa kanisani, na nyumba ikawa kimya. Mume wake, Kassian, ni dereva wa lori. Msimu wa korosho ukifika huzisomba kutoka Tunduru kwenda Mtwara, na wiki tatu zinapita hujamwona. Binti yao wa pekee, Agape, alikuwa shule ya bweni. Basi siku moja saa nne asubuhi, mikono haina wa kumlisha, Fausta alinunua skonzi mbili. Alikula moja, akahisi kifua kimelegea. Akala ya pili.

Toka hapo droo ya cherehani, ile ya kuwekea nyuzi, ikawa na wapangaji wengine: skonzi, karanga za kukaanga, biskuti. Huzuni ikigonga mlango, Fausta anafungua droo. Alikula upesi, macho yakiwa barabarani, na makaratasi aliyafukia kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa. Tumbo lilishiba zamani. Kilichokuwa kinadai kilikuwa kitu kingine, na hicho hakijui skonzi.

Ubaya ni kwamba hakuwa na wa kumlilia. Kwetu huku mtu akinenepa anapongezwa. "Mama Agape, umenawiri! Shemeji anakutunza!" Naye anaitikia, "Tunamshukuru Mungu," kisha anaingia ndani, anafunika kioo cha kabati kwa kanga.

Januari mwaka huu kanga haikutosha. Ilikuwa Jumapili, misa ya pili, kwaya imesimama ndani ya sare zake za zamani, Fausta katikati ya sauti ya pili. Sare yake aliivaa kwa vita. Walipofika kwenye wimbo wa Utukufu, Mwalimu Gaspari, kiongozi wa kwaya, akanyanyua mikono juu kuomba sauti kubwa. Fausta akavuta pumzi yote aliyojaliwa, na zipu ya mgongoni ikapasuka *trrraa!* mpaka kiunoni.

Mpiga kinanda alikosea noti. Wasichana wa sauti ya kwanza waliinamisha vichwa, mabega yanawacheza. Mwalimu Gaspari, kwa kuwa alikuwa amefumba macho, aliendelea kupunga mikono kwa uchaji mkubwa. Aliyenyanyuka ni Bibi Ida, mjane wa jirani, anayekaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio. Alivua kitenge chake cha mabegani, akapanda kwenye kwaya kwa mkongojo wake, akamfunga Fausta vizuri kama anayemfunga mtoto, akasema kwa sauti ambayo yeye aliidhani ya chini, "Imba, mwanangu. Mungu anasikiliza, haangalii zipu."

Kanisa zima lilisikia. Fausta aliimba mpaka mwisho, na baada ya hapo hakurudi kwenye kwaya. Akawa anasali misa ya kwanza, nyuma kabisa, karibu na nguzo.

Sasa akaamua kupambana na mwili huo. Akaagiza unga wa chai ya kupunguza tumbo kwa kijana mmoja wa mtandaoni. Chai ile haikupunguza tumbo. Ilimkimbiza chooni siku tatu, na wateja wakimkuta kibanda kiko wazi, fundi hayupo. Halafu ikaja Kwaresima, na Fausta akaona Mungu mwenyewe amemletea nafasi: siku arobaini za matango na maji. Na kama kumjaribu, ndiyo siku zilezile Mwalimu Gaspari alipoleta majora ya kitenge. Kwaya inataka sare mpya kwa ajili ya Pasaka, sare ishirini na sita.

"Ishirini na tano, Mwalimu," Fausta akasema.

"Ishirini na sita, Mama Agape. Kwenye nafasi yako hajasimama mtu," akajibu, akaondoka kabla hajabishiwa.

Matango alivumilia siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, mvua inanyesha, redio ya jirani ikapiga wimbo ambao mama yake alikuwa akiupenda. Fausta aliagiza skonzi sita.

Alikuwa kwenye ya nne, ameinama nyuma ya meza, wakati Halima alipoingia akikung'uta mwavuli. Halima ni mwenyeji wa Nakapanya, anauza korosho sokoni mjini, mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa amefunga, maana mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Alikuja kuulizia gauni lake la Idi. Alichokuta ni fundi wake ameketi sakafuni, mdomo umejaa, machozi yanatiririka.

"Dada Fausta! Nani amekufa?"

Fausta alitaka kusema hakuna. Kilichotoka ni, "Mama."

"Mama alifariki miaka minne iliyopita, dada."

"Najua," akasema Fausta, akalia kwa sauti.

Halima akaketi naye palepale sakafuni, bila kujali tope. Hakumpa pole ya haraka. Alingoja. Na Fausta, kwa mara ya kwanza, akamwaga yote: droo, kioo kilichofunikwa, chai, zipu, matango.

"Na sasa hata kufunga nimeshindwa," akamaliza. "Wewe unaweza mwezi mzima, mimi hata siku kumi sikufikisha!"

Halima akafikiri. "Mimi nikifunga najua namfungia nani," akasema. "Jua likizama tunakaa wote, tunakula, tunashukuru. Wewe, dada, usiudhike, haya matango ulikuwa unamfungia nani? Mungu au kioo?"

Fausta hakuudhika. Alizisukuma kando skonzi mbili zilizobaki.

Ijumaa baada ya njia ya msalaba alipanga foleni ya kitubio. Padri Valence ni mtu wa maneno machache, na Fausta alipiga magoti ameshajiandaa kukemewa.

"Baba, nina dhambi ya ulafi," akaanza. Akaeleza.

Padri akasogea karibu na wavu. Kisha akauliza, "Mara ya mwisho kula chakula bila kujificha, mama, ilikuwa lini?"

Fausta alitafuta kichwani. Aliikuta siku hiyo mbali sana: yeye na mama yake, bakuli la dagaa wa Nyasa katikati, wanagombania ukoko wa ugali. "Mama yangu akiwa hai, Baba."

"Basi hapo kuna msiba ambao haujazikwa. Umemlilia mama yako mbele ya Mungu?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, Baba."

"Malipizi yako ni haya. Kila siku mpaka Pasaka, mlo mmoja ule na mtu, mezani, mmeshaomba baraka. Ushibe. Na huzuni ikija, usiipe chakula, ipeleke kwa Mungu. Mwambie kwa sauti. Sala tuliyofundishwa inaomba mkate wa leo, mama. Hatujaambiwa tuuogope."

Alitoka pale miguu myepesi na uso umevimba. Njiani alipita kwa Bibi Ida.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Zipu imepona?"

"Bado. Bibi, naomba leo ule kwangu."

Bibi Ida akafika na mkongojo wake na kibakuli cha maharage, maana hakuzoea kwenda kwa watu mikono mitupu. Walikula ugali, maharage na mboga ya maboga. Fausta aliomba baraka, akala polepole, na mwisho wa sahani akashtuka kujikuta ameshiba. Alikuwa amesahau kwamba kushiba kuna mwisho.

Siku nyingine alialikwa futari kwa Halima: uji wa pilipili manga, tende, mihogo ya nazi. Pale mkekani Halima alisema bismillahi, Fausta akafanya ishara ya msalaba, na hakuna aliyeona ajabu.

Lakini msidhani njia ilinyooka. Droo ilimwita. Akajifunza kujiuliza kwanza: hii ni njaa, au ni mama? Ikiwa njaa, alikula, hata kama ni skonzi, lakini mezani, na chai. Ikiwa mama, alisimamisha cherehani, akaanza kumweleza Mungu palepale: "Bwana, leo nimekumbuka alivyokuwa akiniita. Nimekumbuka siku nilipomkaripia kwa kumwaga uji. Nisamehe, na umwambie anisamehe." Wateja wakaanza kungoja mlangoni, wakidhani fundi ana simu ndefu. Na kuna siku alianguka; Jumatano moja alimaliza pakiti nzima ya biskuti. Alikaa, akasema, "Bwana, umeona," na jioni akala na Bibi Ida kama kawaida, bila kujinyima kwa adhabu. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi: kwamba unaweza kuanguka Jumatano na Alhamisi Mungu bado ni yuleyule.

Wiki mbili kabla ya Pasaka sare ishirini na tano zilikuwa zimetundikwa. Fausta akamtolea Bibi Ida utepe. "Nipime, Bibi. Mimi nitaandika."

Bibi Ida haoni vizuri namba, kwa hiyo alikuwa akishika utepe kwa kidole gumba, na Fausta anasoma. Kifua, kiuno, nyonga. Namba zilikuwa kubwa. Alizitazama daftarini, zikakaa mstari mmoja na namba za wanakwaya wengine, na hakuna iliyomrukia usoni. Akasema moyoni: hivi ndivyo mwili ulivyo leo. Ndio uliomnyanyua mama. Ndio unaoshona, unaoimba. Mungu aliyeuumba hajaukana, mimi ni nani? Akakata kitambaa kwa kipimo chake halisi, akaacha nafasi ya pumzi.

Usiku wa mkesha wa Pasaka hatutausimulia. Inatosha kujua kwamba sauti ya pili ilisikika, na kwamba safari hii Mwalimu Gaspari alifumbua macho.

Kassian alifika Jumatatu ya Pasaka, tope la Tunduru limemrukia mpaka kwenye nyusi, mkononi gunia dogo la korosho. Fausta alikuwa amepika wali na kuku wa kienyeji. Walipomaliza kuomba, akamwambia mumewe mambo yote, tangu matanga. Kassian aliacha kutafuna.

"Mama Agape, mimi nilidhani una furaha. Kila nikirudi nakukuta unacheka."

"Nilikuwa nacheka, Baba Agape. Na nilikuwa naumia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua jambo kama hilo linasemwaje."

Kassian alichezea punje za wali. Ni hodari wa kona za milimani, lakini si wa maneno. Mwishowe akasema, "Jumamosi twende kwenye kaburi la mama. Tukapalilie, majani yameota sana na mvua hizi."

"Twende," akasema Fausta.

Akamwongezea wali. Yeye mwenyewe alikuwa ameshiba. Akafunika sufuria, akamnawisha mumewe mikono, na wakabaki wamekaa, wakisikiliza mvua kwenye mabati.