Mtaa Uliobaki Mweupe Kwenye Ramani

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi wa chini ameshaanza kukata vyuma na meza ya ghorofani inatetemeka. Mwanamke aliyeketi mbele ya meza hiyo hana habari. Amevuta kompyuta karibu na pua, mkono uko juu ya kipanya, naye anasoma ugomvi wa watu asiowajua.

Ni ugomvi wa zamani, uliotokea kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watengenezaji wa tovuti huulizana maswali. Mmoja anasema sehemu ya ramani isiyo na takwimu ipakwe kijivu. Mwingine anasema kijivu ni rangi ya wavivu. Wa tatu anawaita wote wawili wajinga, anaomba radhi, kisha anawaita tena. Mwanamke anacheka kidogo na kuendelea kuteremka.

"Juu huwa wanakaa wenye kelele," anasema bila kugeuka. "Mwenye jibu utamkuta chini kabisa, tena hakuna aliyemsalimia."

Wenzake wanamwita Mama Ramani, ingawa hajapata mtoto. Kazi yake, katika gazeti dogo la mtandaoni, ni kutengeneza kurasa ambazo takwimu zinasimuliwa kama hadithi. Msomaji anatelezesha kidole, ramani inajifungua kipande kwa kipande. Akigusa mtaa wake, mtaa unamweleza mambo yake.

Asubuhi hii hasomi ugomvi huo kwa kujifurahisha. Kwa kosa lake mwenyewe, mtaa anaoishi mama yake uko mbioni kuachwa nje ya mradi wa mabomba ya maji, na kikao cha kupitisha mradi huo ni wiki ijayo.

Chumba anachofanyia kazi kina meza tatu, feni moja na birika la umeme lenye mfuniko uliofungwa kwa mpira. Hapo wanakaa watu wanne: yeye, mhariri, na vijana wawili wanaozunguka mitaani kukusanya takwimu. Mshahara haujawahi kumfanya mtu acheke peke yake barabarani. Hata hivyo unafika mwisho wa mwezi, na kwa kazi za namna hii hilo si dogo.

Alisomea uhasibu, akaajiriwa kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Wateja walipokuwa wachache aliingia mtandaoni na kujifunza kuchora grafu. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na bando na majukwaa ya wageni wanaolalamika.

"Kila tatizo linalokusumbua, kuna mtu lilishamliza," anasema. "Shida ni kubahatisha alilia kwa maneno gani. Mwingine ataandika 'ramani haionekani', mwingine 'nisaidieni jamani, nafukuzwa kazi'. Ukimpata wa pili, ujue umefika, huyo amehangaika kweli."

Ukurasa uliomletea balaa uliitwa "Maji Yanatoka Lini?" Ulichora mitaa kumi na tisa. Mtaa ambao mabomba yake yalikauka siku nyingi ulipakwa rangi nyekundu iliyokolea. Ambao hayakukauka hata siku moja ulibaki mweupe. Watu waliupenda ukurasa huo, wakatumiana, wakataniana kwa rangi za mitaa yao. Hata idara ya maji ikaupenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Vijana wa takwimu hawakuwahi kufika mtaa wa juu kilimani. Mvua ilikuwa imekata barabara, nao wakaacha kisanduku cha mtaa huo kitupu kwenye jedwali, wakikusudia kurudi. Hawakurudi. Kompyuta ilipokikuta kisanduku kitupu ilikisoma kuwa sifuri, yaani siku sifuri za ukame, na mtaa ukatoka mweupe pepepe, kana kwamba watu wa kule wanaoga mara tatu kwa siku.

Idara ikaichapa ramani, ikaibandika ukutani na kupanga mabomba mapya kwa kufuata wekundu. Mtaa wa juu ukawekwa mwisho kabisa, kwenye awamu ambayo hata fedha zake hazijatafutwa.

Aliyegundua kosa ni mama yake. Jirani alimwonyesha ukurasa kwenye simu, naye akampigia binti yake bila hata salamu.

"Mwanangu, ndiyo umeniandika kwamba nina maji?"

Binti alifungua jedwali, akakiona kisanduku kitupu, akajaribu kueleza habari yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole wa mtu aliyekwishaamua.

"Sijui hivyo visanduku vyako," alimwambia. "Mimi najua ndoo. Na wewe unaijua, nimekubebesha tangu ukiwa darasa la pili."

Anaposimulia hapo, Mama Ramani anaacha kipanya na kushika tama. Hasemi kwamba vijana walikosea, wala kwamba kompyuta ilikosea.

"Nimekulia pale," anasema. "Nimeutazama mtaa wetu mweupe kwenye ramani yangu mwenyewe, nikapita. Nilikuwa nahangaika ukurasa ufunguke haraka kwenye simu ndogo. Roho inaniuma mpaka leo. Mtu mwingine angekosa kujua, sawa. Lakini mimi?"

Mhariri wake ni mwanamume mpole anayenong'ona hata akikasirika. Siku ile alinong'ona sana. Kwake dawa ilikuwa rahisi: upakwe mtaa huo wekundu, ukurasa ubaki hewani, watu waendelee na maisha.

"Wekundu wa namba gani, kiongozi?" Mama Ramani alimuuliza. "Sina namba. Nina maneno ya mama yangu tu."

"Basi ufute mtaa."

"Nikiufuta ndiyo utapotea moja kwa moja. Na ramani yenyewe iko ukutani kwao, wameshaichapa. Tusiposema hadharani hawataishusha."

Hofu ya mhariri haikuwa ya kipuuzi. Mitaa minne iliyokuwa imekauka vibaya ilishapata nafasi ya kwanza kwa sababu ya ukurasa huohuo. Gazeti likitangaza kwamba limekosea, idara inaweza kuutupa ukurasa mzima, na mitaa hiyo ikarudi kwenye foleni. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mhariri alikubali shingo upande, kwa sharti moja: kosa litangazwe siku ileile kitakapopatikana cha kuweka mahali pake. Kutangaza shimo tupu alikataa katakata.

Ndiyo maana asubuhi hii yuko chini kabisa ya mjadala wa zamani. Na chini huko, baada ya watukanaji kuchoka na kwenda zao, anamkuta mtu anayejiita Kijiti. Ameandika mistari miwili: "Msiupake rangi yoyote. Wekeni michirizi, na anayeishi pale akiigusa, mwulizeni yeye."

Hakuna aliyemjibu. Hakuna hata aliyemwekea alama ya kupenda.

Mama Ramani anaisoma mara mbili, anajikuna kichwa kwa kalamu, kisha anasogeza kiti nyuma. "Huyu hapa," anasema taratibu. Anamwandikia ujumbe, bila matumaini makubwa. Watu wa majukwaani huhama, husahau nywila, wengine huachana kabisa na kompyuta.

Kijiti alijibu jioni hiyohiyo. Kumbe kweli aliachana nayo. Siku hizi anafundisha watu kuendesha magari. "Mke wangu alinicheka wiki nzima kwa kubishana na watu wasionijua," aliandika. "Nilijua lile jibu lilishakufa." Hata hivyo alichimbua kazi yake ya zamani ya michirizi akamtumia, pamoja na maonyo mawili. Aulize swali moja tu, kwa sababu ukiuliza mawili watu wanaondoka. Na kila simu ijibu mara moja tu, la sivyo mtu mmoja mwenye hasira atajaza mtaa mzima.

Ukurasa mpya ulipanda hewani siku iliyofuata. Juu kabisa palikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe na mhariri hakuyagusa: "Mtaa wa juu tuliupaka mweupe kwa makosa. Hatukufika huko na hatujui hali ya maji. Unayeishi huko, gusa michirizi utuambie." Ukiigusa, unaulizwa jambo moja: mwezi uliopita, bomba lako lilikauka siku ngapi?

Wasomaji hawakumwonea huruma. Mmoja aliandika kwamba kumbe gazeti hili linapiga ramli. "Huyo alinichekesha," anasema Mama Ramani. "Wengine hawakunichekesha, lakini nimewasoma wote."

Afisa wa idara ya maji, alipopigiwa simu, hakuwa na mengi. "Sisi tulifuata walichochora wao," alisema. "Kikao kiko palepale. Wakileta takwimu mpya kabla yake tutazitazama. Ile mitaa minne tuliihakiki wenyewe, hatuigusi."

Mhariri alipoisikia kauli hiyo alienda kujimiminia chai, na inasemekana aliimba kidogo.

Michirizi yenyewe, siku ya kwanza, ilikaa kimya. Watu wa mtaa wa juu hawakuwa wakiuwaza ukurasa wa mtu, walikuwa wakitafuta maji. Mama yake ndiye aliyejibu wa kwanza, kisha akachukua simu yake na kuanza kupita nyumba kwa nyumba. Baada ya nyumba moja akapiga tena.

"Imekataa. Inasema nimeshajibu. Sasa hapa namjibia jirani."

"Mama, kila simu jibu moja. Jirani atumie yake."

"Basi hiyo simu ina wivu," mama alisema, akakata.

Alfajiri yake aliacha nyumba za watu akaenda kusimama kwenye foleni ya gari la maji, mahali ambapo mtaa mzima hukutana ukitaka usitake. Ndoo zikiwa chini, mikono ya watu haina kazi. Akawaambia watoe simu. Asiye na bando aliwashiwa na mwenzake. Mzee mmoja aligoma, akidai amechoka kuulizwa maswali na serikali. Mama alimwambia, "Hii si serikali, ni binti yangu, na tena amekosea, kwa hiyo mjibu kwa sauti."

Kule ghorofani, Mama Ramani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Michirizi ilianza kujaa nyumba moja moja. Siku kumi na nane. Ishirini na mbili. Ishirini. Hakuna aliyeandika sifuri. Yalipofika majibu ya kutosha kufanya hesabu ya maana, mtaa wa juu uligeuka mwekundu kuliko yote kwenye ramani.

"Sikufurahi," anasema. "Watu walinipongeza, mimi nikaenda kunawa uso."

Sasa anajiandaa kwa kikao. Ameomba nafasi ya kuingia na kompyuta yake, ramani ya zamani ishushwe ukutani mbele ya macho yake, na aseme kwa kinywa chake alikosea wapi. Wamempa dakika tano. Akitoka huko ana mpango wa kurudi kwenye ule mjadala wa zamani na kueleza mambo yaliyotokea, chini ya jibu la Kijiti, ili atakayehangaika kesho asianze na watukanaji.

Jambo analolitaka kwanza ni bomba. Jioni ya kuamkia kikao alipanda kilimani kumuaga mama yake, akamkuta anagawa maji ya ndoo moja katika madumu mawili, ya kupikia na ya kufulia. Alimweleza mpango wake wote. Atasimama, atakiri, atawaomba radhi watu wa mtaa huu.

Mama hakuinua uso mpaka dumu la pili lilipofika alipotaka.

"Radhi nimeshakupa, mwanangu," alisema. "Kesho nenda ukatuletee maji."